Kwa nini Mary Jemison hakurudi kwa Wazungu wenzake?

Swali la msomaji: Nimesoma habari za Mary Jemison, binti wa Kizungu aliyetekwa huko Marekani enzi za ukoloni. Familia yake iliuawa, naye akaishi na Wahindi Wekundu hadi kufa kwake. Wanasema alipewa nafasi ya kurudi akakataa, na hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mtu anawezaje kuishi miaka zaidi ya sabini na watu waliomuua mama yake? Alitishwa, alizoea tu, au kweli alipenda? Na je, wazao wake wapo?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hao waliomuua mama yake, maana swali lako limewachanganya watu wa makabila mawili, Washawnee na Waseneca.

Thomas na Jane Jemison waliondoka Ireland mwaka 1743, na Mary akazaliwa baharini, ndani ya meli iliyokuwa ikielekea Philadelphia. Wakalima karibu na kijito cha Marsh Creek, Pennsylvania, si mbali na mahali ulipo mji wa Gettysburg leo. Wakati huo ilikuwa ukingoni kabisa mwa ardhi ya walowezi, na Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, kila upande ukiwa na washirika wake miongoni mwa wenyeji. Asubuhi moja kikosi cha Washawnee sita na Wafaransa wanne kiliivamia nyumba yao. Simulizi ya Mary inasema ilikuwa 1755, lakini wanahistoria waliolinganisha taarifa za zama hizo wanaliweka tukio Aprili 1758. Kwa hesabu hiyo alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Kaka zake wawili wakubwa waliponyoka. Waliobaki walikokotwa porini bila chakula wala maji.

Safarini, mmoja wa watekaji alimvua Mary viatu na soksi, akamvisha viatu vya ngozi laini kama wavaavyo wao. Mama yake alielewa mara moja kwamba huyu ataachwa hai na wengine hawatapona. Akamuusia asisahau jina lake, asisahau Kiingereza, na asiache sala alizomfundisha. Wakatenganishwa. Baadaye Mary aliwaona watekaji wakikausha kwenye moto ngozi za vichwa walizozichuna pamoja na nywele, akaitambua ya mama yake kwa wekundu wa nywele zake. Hayo aliyasimulia akiwa na miaka 80, kwa hiyo wazo la kwamba alisahau liweke pembeni.

Waseneca waliingia katika maisha yake baada ya hapo. Alifikishwa Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa mahali ulipo mji wa Pittsburgh, na huko akakabidhiwa kwa wanawake wawili ndugu, Waseneca. Hawa ni taifa jingine lenye lugha nyingine, moja ya mataifa sita ya shirikisho la Haudenosaunee, na katika shirikisho hilo ndio walioitwa walinzi wa mlango wa magharibi. Wanawake hao walikuwa wamefiwa na kaka yao vitani, wakaja ngomeni kudai fidia ya kifo chake: wapewe mateka, au ngozi ya kichwa cha adui. Wakapewa binti.

Simtakasi mtu hapa. Waseneca nao walipigana vita hivyohivyo na walichuna vichwa vilevile. Lakini moyoni mwa Mary makabila haya mawili hayakuwa kitu kimoja. Washawnee walimwachia msiba, na wale dada wawili ndio waliomtoa humo.

Namna walivyomtoa inahitaji maelezo kidogo. Walipofika kijijini kando ya mto Ohio walimvua nguo zake zilizochakaa, wakazitupa mtoni, wakamwosha na kumvika nguo mpya za Kiseneca. Wakamkalisha katikati ya kibanda. Wanawake wa kijiji wakaingia, wakaanza kulia kwa sauti kubwa, wakikunja mikono na kumwomboleza yule kaka aliyekufa. Mary hakuelewa hata neno moja, akadhani ndiyo saa yake ya kuuawa. Kisha kilio kikageuka furaha, wakampokea kana kwamba ni mtoto wao aliyepotea akaonekana. Jina lake likawa Dehgewanis.

Kwa watu wa Haudenosaunee, kifo kiliacha nafasi tupu ndani ya ukoo, na nafasi hiyo ilipaswa kujazwa. Wanawake wakuu wa ukoo ndio waliokuwa na usemi mkubwa juu ya mateka: nani ajaze pengo, na nani afe kulipa kisasi. Aliyepokewa hakuwa mtumwa wala mgeni. Kwetu mtoto akipewa jina la babu aliyefariki, anabaki yeye mwenyewe na babu anabaki babu. Kule, Mary alichukua nafasi ya marehemu pamoja na haki zake zote, akawa ndugu wa damu wa wale wawili, shangazi wa watoto wa kaka na mama wa watoto wa dada. Wao walimwita mdogo wao, na kwa ushahidi wake mwenyewe walimtendea hivyo siku zote: kwa upole, bila kumpiga.

Hata hivyo mapenzi hayo yalikuwa na masharti. Hawakumruhusu aseme Kiingereza mbele yao. Alichofanya ni kusubiri awe peke yake, akarudia sala na mafundisho ya katekisimu kwa sauti, ili usia wa mama usipotee. Ndiyo maana alipohojiwa uzeeni aliweza kusimulia kwa Kiingereza, tena chenye lafudhi ya Ireland.

Sasa tuje kwenye nafasi za kurudi. Watu husimulia kana kwamba aliulizwa mara moja na akajibu mara moja. Zilikuwa kadhaa, na kila moja ilimkuta akiwa mtu tofauti.

Ya kwanza ilimkuta angali kigori. Waseneca walikwenda Fort Pitt, ngome ambayo Waingereza waliijenga baada ya Wafaransa kuondoka, kuzungumza amani. Wazungu wakamwona, wakaanza kumuuliza jina na alikotoka. Dada zake walishtuka, wakamtia haraka kwenye mtumbwi na kupiga makasia bila kupumzika hadi nyumbani. Hapo Mary alitaka kwenda. Alisema kuondolewa kule kulikuwa kama kutekwa mara ya pili. Ukiniuliza kama aliwahi kulazimishwa kubaki, nitakujibu ndiyo, na ni siku ile.

Miaka ikasogea. Dada zake walimwoza kwa Sheninjee, mtu wa Wadelaware, kabila jingine la wenyeji. Hakumchagua yeye, na mwanzoni hakuweza kufikiria kuishi na mwanamume wa kabila hilo. Baadaye alikiri, kwa mshangao wake mwenyewe, kwamba alimpenda. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, aliishi siku mbili tu. Wa pili alikuwa wa kiume, akamwita Thomas, jina la baba yake aliyeuawa. Kisha akaanza safari ndefu ya miguu kuwafuata dada zake bonde la Genesee, magharibi mwa eneo ambalo leo ni jimbo la New York, mtoto akiwa mgongoni. Kwa hesabu yake ni maili mia tano hadi mia sita. Mumewe alibaki nyuma amfuate baadaye, akaugua na kufa.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga wakati nafasi nyingine ilipojitokeza. Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipomalizika, zawadi ya fedha ilitangazwa kwa yeyote atakayewarudisha mateka kwenye ngome za jeshi. Mholanzi mmoja, John Van Sice, akaamua kumpeleka Niagara apate hizo fedha. Siku moja Mary yuko shambani kwenye mahindi, akamwona Mholanzi anamjia mbio. Akatimua mbio kwa nguvu zake zote na kujificha. Linganisha na siku ya Fort Pitt: wakati ule alivutwa kutoka kwa Wazungu, safari hii anamkimbia Mzungu. Baraza la machifu likaamua kwamba asirudishwe bila ridhaa yake mwenyewe. Hata hivyo chifu mmoja mzee aliitamani ile zawadi, akataka kumpeleka kwa nguvu, na kaka yake wa kupokewa akaapa kwamba ni afadhali amuue Mary kwa mkono wake kuliko kumwona akichukuliwa. Ikabidi ajifiche magugumani na mtoto wake mpaka chifu alipoondoka na mateka wengine. Ndiyo, alipendwa, na mmoja wa waliompenda alikuwa tayari kumuua. Simulizi nyingi za mitandaoni huchukua nusu moja ya sentensi hiyo na kuiacha nyingine.

Akaolewa tena, na Hiokatoo, shujaa wa vita aliyemzidi umri kwa mbali. Walizaa wanne wa kike na wawili wa kiume. Mary alisema mume huyu alikuwa mkatili kwa adui zake, lakini yeye hakuwahi kumtukana wala kumdhulumu.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Waseneca walio wengi walisimama na Mfalme wa Uingereza. Nyumba ya Mary ikawa mahali pa kulala makamanda, akina Butler na Joseph Brant, naye aliwatwangia mahindi usiku kucha, tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Kwa hiyo binti wa walowezi alikuwa akiwapikia wapiganaji waliokuwa wakienda kushambulia walowezi. Sioni popote ambapo jambo hilo lilimtatiza kwa sauti. Mwaka 1779 George Washington alimtuma Jenerali Sullivan kuiteketeza nchi yao. Miji ipatayo 40 ilichomwa pamoja na maghala, bustani na mahindi yaliyokuwa bado shambani. Mji wa Mary, Little Beard's Town, ulichomwa Septemba. Watu waliporudi hawakukuta hata chakula cha kumtuliza mtoto mmoja.

Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mary aliwabeba watoto wawili mgongoni, akawaambia wale watatu wengine wafuate, akaenda Gardeau, bonde dogo lenye rutuba kando ya mto Genesee. Aliwakuta huko wanaume wawili weusi, watumwa waliotoroka mabwana zao, ambao walikuwa na shamba la mahindi ambalo jeshi halikulifikia. Wakampa kibarua cha kumenya na kusuka mahindi kwa masharti kwamba kila mashada kumi, moja lake. Alifanya kazi hadi akajipatia mashada 100, ambayo yakipukuchuliwa yalitoa busheli 25, zaidi ya kilo 600. Mmoja wa wale wazee alisimama karibu naye muda wote na bunduki iliyojaa risasi, akihofia Wahindi wasije wakamteka. Mary alicheka kila alipokumbuka. Majira yale ya baridi theluji ilikuwa nzito kiasi kwamba wanyama wa porini walikufa kwa wingi na watu kwa njaa, lakini watoto wake walikula.

Baada ya vita hivyo ndipo lilipokuja lile swali unaloliulizia. Kaka yake wa kupokewa, Kaujisestaugeau, alimwambia sasa yuko huru kwenda kwa watu wake akitaka. Hakukuwa na tisho wala Mholanzi. Thomas, mwanawe mkubwa, alitamani waondoke wote, akaahidi kumsaidia na wadogo zake. Machifu wakakataa kumwachia Thomas, kwa sababu walimwona ni mpiganaji wa kutegemewa. Kwa Mary hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni hii: alikuwa na watoto wengi wa Kihindi, na alihofia kwamba hata akiwapata jamaa zake, watawadharau watoto hao, na labda yeye pia, au wampokee kwa ubaridi kama mgeni. Akaamua kubaki.

Rudia sababu hizo taratibu. Hakuna mahali aliposema Waseneca ni bora kuliko Wazungu, wala kwamba anachukia alikozaliwa. Alikuwa mama anayepiga hesabu ya watoto wake, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi: katika Pennsylvania ya miaka ile, watoto wake wangeitwa machotara na kuchukuliwa kama maadui. Huku wala hawakuwa nusu ya kitu, kwa sababu kwa Waseneca mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama yao alikuwa Mseneca tangu siku ile ya kilio.

Kaka yake alifurahi, akaahidi kumtafutia ardhi yake mwenyewe. Alikufa kabla ya kuitimiza ahadi, lakini mwaka 1797, kwenye mkataba wa Big Tree, Waseneca walipouza sehemu kubwa ya nchi yao kwa mfanyabiashara Robert Morris kwa dola 100,000, Mary alitengewa Gardeau. Mzungumzaji mashuhuri Red Jacket alipinga vikali. Chifu Farmer's Brother akamtetea. Mary alitaja mipaka kwa mdomo, na ilipopimwa ikawa karibu ekari 18,000. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa siku zile hakuweza kumiliki hata kiwanja kwa jina lake. Sheria iliiweka mali yake mikononi mwa mume. Kwa Waseneca wanawake ndio waliokuwa wenye mashamba. Mary alisema kazi yao ya kulima mahindi, maharage na maboga haikuzidi ya wanawake wa Kizungu kwa ugumu, na hawakuwa na msimamizi wa kuwaswaga. Walifanya kwa mwendo wao, watoto wakiwa pembeni. Sidhani alibaki kwa ajili ya ardhi, kwa sababu alipoamua hakuwa nayo. Lakini maisha aliyoyachagua yalimruhusu kuwa nayo.

Na jamaa zake wa Kizungu? Mmoja alijitokeza uzeeni, George Jemison, akidai ni binamu yake. Alikuwa fukara. Mary akamlipia madeni, akampa ng'ombe na mahali pa kulima, akamtunza kwa miaka. Alipotaka kumpa ekari 40, hati iliandikwa ekari 400, naye hakujua kusoma. Ndivyo udugu wa upande ule ulivyomrudia.

Nisikufanye udhani upande huu ulikuwa raha. Pombe kali iliyoletwa na wafanyabiashara ilimvunjia nyumba. Wanawe Thomas na John walichukiana tangu utotoni. Thomas alimwita mwenzake mchawi na kumsema kwa kuoa wake wawili. Julai 1811, ndani ya nyumba ya mama yao, Thomas akiwa amelewa, John alimuua. Mwaka uliofuata John akamuua mdogo wao Jesse kwa kisu. Mwaka 1817 John naye akauawa na wenzake katika ugomvi wa ulevi. Wana watatu, wote kwa damu, na mumewe Hiokatoo alikuwa ameshakufa mwaka uleule aliokufa Thomas. Aliyabeba hayo akiwa bibi kizee, na hakuwahi kusema kama angerudi kwa Wazungu yasingetokea. Aliilaumu pombe.

Sasa neno kuhusu chanzo chetu, maana karibu yote niliyokueleza yanatoka mahali pamoja. Novemba 1823 daktari mmoja, James Seaver, alikaa naye siku tatu huko Castile, New York, akaandika simulizi yake iliyochapishwa mwaka 1824. Imeandikwa kana kwamba Mary ndiye anayesema, lakini lugha ni ya Seaver: yale majonzi marefu, sifa kwa Mungu na hotuba za kupendeza ni kalamu ya msomi aliyejua wasomaji wake wanataka nini. Ninavyoisoma mimi, naamini zaidi mambo madogo ya kazi: idadi ya mashada ya mahindi, mtoto yupi alikuwa mgongoni, nani alikuwa na bunduki. Seaver hakuwa na sababu ya kuyabuni.

Wala Mary hakuwa peke yake. Kanali Bouquet wa jeshi la Uingereza alipowalazimisha wenyeji wa Ohio kurudisha mateka zaidi ya 200 mwaka 1764, baadhi yao ilibidi wafungwe kamba ili wasitoroke kurudi walikotoka, na watoto walilia wakitenganishwa na mama zao wa kupokewa. Benjamin Franklin alikuwa ameshaandika mwaka 1753 kwamba Wazungu waliokombolewa hupenda kurudi msituni mara wapatapo upenyo. Wengi miongoni mwao walitekwa wakiwa wadogo. Mwanamume mzima aliyekamatwa na silaha mkononi mara nyingi hakupewa nafasi ya kuwa ndugu wa mtu.

Mwaka 1823 Mary aliuza sehemu kubwa ya Gardeau akibakiza kipande kidogo na malipo ya kila mwaka, na mwaka 1831 akauza hata hicho na kuhamia Buffalo Creek, kuwafuata Waseneca wenzake, kwa sababu pande zote za nyumba yake zilikuwa zimejaa walowezi. Tazama alivyokuwa: amezungukwa na Wazungu, na anahama kuwatafuta watu wake. Alifariki huko tarehe 19 Septemba 1833, akiwa na miaka 90 hivi. Muda mfupi kabla ya kufa alimwambia mke wa mmisionari Asher Wright kwamba anaumia kwa kuisahau sala aliyousiwa na mama yake. Mke huyo wa mmisionari alimsomea Baba Yetu kwa Kiingereza, naye Mary akalia. Mwaka 1874 mabaki yake yalihamishiwa kando ya mto Genesee, mahali ambapo leo ni hifadhi ya Letchworth.

Ulimalizia kwa kuuliza wazao. Wapo, na ni wengi. Watoto wake walitumia jina la ukoo la mama yao, Jemison, na familia za jina hilo ziko hadi leo miongoni mwa Waseneca. Mjukuu wake mmoja, Jacob Jemison, alisoma chuo cha Dartmouth na kuwa tabibu katika jeshi la majini la Marekani. Katika zama zetu yuko mchoraji G. Peter Jemison, Mseneca na mzao wake wa vizazi vingi, aliyeongoza kwa miaka mingi eneo la kihistoria la Ganondagan, mji wa kale wa Waseneca ulioteketea wakati wa uvamizi wa Wafaransa mwaka 1687, na hapo ikajengwa tena nyumba ndefu ya magome ya miti kama zile ambazo dada zake Mary wangezitambua.